Wali wa Siku ya Pili

Wazazi wake walimpa jina la Rampari, lakini pale kijijini Tengraha hapakuwa na mtu aliyelitumia. Mwanamke akiolewa Tengraha huliacha jina lake kwao pamoja na wanasesere wake, na huku huitwa kwa kijiji alikotoka. Yeye alitoka Semrahi, ng'ambo ya mpaka, upande wa India, mwendo wa nusu asubuhi kwa gari la ng'ombe. Basi akaitwa Semrahi alipokuwa bibi harusi, akaitwa Mama Semrahi alipozaa, na mvi zilipoingia akawa Bibi Semrahi. Karani kijana kutoka milimani alipokuja kuandikisha wapiga kura na kumuuliza jina lake, ilibidi afikiri kidogo. Karani akauliza jina la mume, na hapo kazi ikawa kazi, kwa sababu mke mwenye heshima zake hatamki jina la mumewe. Bibi Semrahi akamwambia kwamba ni ile siku inayokuja baada ya Jumanne. Karani akashika kichwa. Mzee Budhan, ambaye kweli alipewa jina la Jumatano kwa kuwa alizaliwa siku hiyo, alikuwa ameketi hatua tatu kutoka hapo akitafuna tambuu, wala hakusaidia. Masikio yake yalikuwa mazima, ila aliacha kuyatumia tangu mwaka wa pili wa ndoa.

Kazi ya Bibi Semrahi ilikuwa kutukana wageni wa harusi. Tuseme kweli, kila mwanamke wa upande wetu hutukana kidogo. Bwana harusi akija na msafara wake, wanawake wa kwao binti hukaa nyuma ya pazia la mianzi, na wanaume wakitia mkono kwenye wali nyimbo huanza: mjomba wako mlafi, shangazi yako katoroka na muuza bangili, babako alinunuliwa mnadani pamoja na ng'ombe. Ndiyo adabu yetu hiyo. Lakini wengine hutukana ovyo, tusi moja kwa watu wote, na Bibi Semrahi alitukana kama fundi cherehani, anakupima kwanza ndipo anakata.

Alikuwa akichunguza. Harusi ikibakiza wiki mbili, hubeba kikapu, akavuka ule ukanda wa hatua kumi usio wa nchi yoyote, ambako mbuzi wa nchi zote mbili hula majani bila kuulizwa karatasi, akawaambia askari wa pale kwamba anakwenda kununua chumvi. Chumvi kweli alinunua. Lakini alipita pia kwa kinyozi wa kijiji cha bwana harusi, akapita kwa muuza maziwa, akapumzika kwa mama muuza bangili, na jua likianza kushuka alirudi akiwa anajua nani anapaka masharubu rangi, nani anakoroma mpaka jirani anahamisha kitanda, nani ameazima viatu vya ndugu yake. Maskini hakumgusa, wala mjane, wala mwenye mgonjwa nyumbani. Alipenda kupiga pale mtu anapojivunia: pikipiki mpya, meno ya bandia, cheo. Wanaume wazima walirudi makwao wakishindana nani ametajwa mara nyingi.

Mara moja tu alikosea. Ulikuwa mwaka wa yale mafuriko yaliyobeba daraja, na aliyekuwa anaolewa alikuwa binti wa Batasiya, jirani yake, ambaye ndiye humpigia ngoma. Mjomba wa bwana harusi alikuwa afisa, na Bibi Semrahi, kwa kuwa maji yalimzuia kuvuka kwenda kuchunguza, aliimba kwa kubahatisha. Akaimba juu ya mtoto wa afisa asiyeonekana harusini. Kumbe mtoto yule alikuwa amefariki mwezi mmoja nyuma. Msafara uliinuka na njaa yake ukaondoka. Binti wa Batasiya alikaa miaka minne bila kuruhusiwa kuja kumwona mama yake. Batasiya hakumlaumu hata siku moja, aliendelea kupiga ngoma, na jambo hilo hawakulizungumza kamwe. Lakini Bibi Semrahi alilibeba, na mtu akimsifu sana, ndilo lililomjia.

Basi mwanawe Ramsakal aliporudi kutoka kibaruani Katari, kwa Waarabu, baada ya miaka tisa, akajenga nyumba ya saruji yenye ghorofa moja na ngazi ya nje isiyofika popote, akamtafutia binti yake Sulekha mchumba, na jioni moja akamketisha mama yake kwenye kiti cha plastiki, yeye alijua neno linakuja. Kiti cha plastiki kilikuwa cha mambo rasmi.

Mchumba alikuwa mtoto wa mwalimu mkuu mstaafu wa ng'ambo, Digambar Yadav. Habari za mwalimu huyo zilikuwa zimevuka mpaka zamani. Ilisemekana kwamba akipita sokoni, watu wazima wenye wajukuu huficha sigara. Ilisemekana hatembei bila mwavuli, kiangazi na kipupwe, na kwamba mwavuli huo umepita kwenye migongo ya vizazi viwili. Tena alikuwa amekubali posa kwa siku moja, bila kuuliza shamba wala kuomba pikipiki, jambo ambalo Ramsakal alisema limeletwa na nyumba yake ya saruji. Sharti lake lilikuwa moja: wali wa siku ya pili uliwe kwa desturi ya zamani, uani, chini, kwenye majani, si kwenye meza za kukodi. Siku hizi misafara mingi hunywa chai asubuhi na kuondoka, hata wali wenyewe umekuwa wa nadra. Ramsakal aliona hiyo ni dalili ya mtu mkali anayeshika sheria.

"Mama," alisema, "safari hii hapana matusi."

Bibi Semrahi akaendelea kupaka chokaa jani lake la tambuu.

"Yule si mchunga nyati. Mtu amesomesha mahakimu. Wewe ukimwimbia babake kanunuliwa mnadani, ataondoka. Na akiondoka, anayekwenda kuishi kule ni Sulekha. Wewe unabaki hapa na ngoma yako, yeye ndiye atakayelishwa ukoko."

Sulekha alikuwa jikoni, anasikia yote. Alikuwa na miaka ishirini, na tisa kati ya hiyo alilelewa na bibi yake wakati baba yuko Katari. Alijua nyimbo zote. Alipokuwa mdogo alipigwa shuleni kwa kumwimbia mwalimu wa hesabu, na bibi yake alikwenda kuomba radhi huku akiuliza pembeni kama mizani ilikuwa sawa.

Bibi Semrahi alikuwa na jibu tayari mdomoni, jibu zuri, lenye saruji ndani yake. Akamtazama mjukuu wake mlangoni, akakumbuka miaka minne ya binti wa Batasiya, akalimeza.

"Hutasikia sauti yangu," alisema. "Nitatia tambuu mdomoni nisiiteme mpaka gari liondoke."

Na kwa kuwa alikuwa amekatazwa kuimba, hakuwa na sababu ya kwenda kununua chumvi. Ilikuwa harusi ya kwanza tangu mwaka wa mafuriko ambayo aliiendea kipofu, hajui hata sura ya mkwe.

Msafara ulikuja jioni ya mwezi wa Phagun, kipupwe kikiisha, haradali ikiwa ya njano mashambani. Walichelewa robo saa kamili, kwa sababu saa za ng'ambo ziko nyuma ya zetu kwa robo saa na hakuna aliyekumbuka kugeuza. Batasiya alimkanyaga Bibi Semrahi mguu. Akamnong'oneza: robo saa, shoga, tusi limekuja lenyewe na miguu yake. Bibi Semrahi akaonyesha shavu lake lililojaa tambuu, akatikisa kichwa. Harusi ikafungwa, moto ukazungukwa, Sulekha akapakwa wekundu kwenye utosi, na wanawake wakaimba zile nyimbo za kumwomba mungu wa kike, tamu kabisa, mpaka wageni wakaanza kutazamana.

Siku ya pili, mchana, wageni arobaini waliketi uani safu mbili kwenye mikeka. Mwalimu mkuu aliketishwa katikati, mwavuli umelala kwenye mapaja, kanzu nyeupe imenyooka, na kilemba cha harusi kimeshuka mpaka kwenye nyusi. Majani yakatandazwa. Wali ukaja, dengu zikaja, bajia za majani, samaki wa bwawa la nyumbani kwa mchuzi wa haradali, mtindi mzito unaokatwa kwa kisu. Ramsakal alikuwa amekodi kipaza sauti kinachopiga nyimbo za dini ili pasiwe na nafasi ya mwanamke yeyote kupitisha neno.

Mwalimu mkuu aliinua kidole kimoja. "Zima hiyo."

Ikazimwa. Mwalimu mkuu akanawa mkono wa kulia, akaukausha, akaketi wima. Hakugusa wali. Na kwa kuwa yeye ndiye baba wa bwana harusi, hakuna mwingine aliyeweza kugusa. Watu arobaini wakatazama samaki.

Kila mmoja wetu anajua kwamba mkwe akikataa kula anataka kupewa kitu, na Ramsakal alikuwa amejiandaa. Akaleta saa ya mkononi kutoka Katari, akaiweka kando ya jani. Mwalimu akaitazama saa, akasema ahsante, hakula. Likaja blanketi zito lenye picha ya chui. Akasema ahsante. Ikaja baiskeli, ikasimamishwa mbele yake, kengele ikalizwa ili ajue inafanya kazi. Kila zawadi ilipoongezwa, uso wa mwalimu ulizidi kuwa mrefu, na mwishowe akamwambia jirani yake kwa sauti ndogo, lakini uani palikuwa kimya kiasi kwamba kila mtu alisikia, kwamba wali unaoliwa hivi yeye anaujua, ni wali wa matanga.

Neno hilo lilimpiga Ramsakal. Kweli, chakula kinacholiwa kimya kwetu ni kimoja tu. Jasho likamtoka. Hakujua amekosea wapi, na mtu asiyejua amekosea wapi huongeza zawadi. Akatazama huku na huku, hakubakiwa na kitu cha maana, akatamka kwamba nyumba hii inampa mkwe nyati wa maziwa, yule mweusi aliyefungwa pale.

Nyuma ya pazia la mianzi Bibi Semrahi alikaribia kumeza tambuu. Nyati yule alikuwa wake. Alimlea kwa mkono wake tangu akiwa mtamba, akamkamua mwenyewe, na kwa jina alimwita Malkia.

Basi ndipo alipojisogeza kwenye upenyo wa pazia kumtazama vizuri huyo anayekaribia kuondoka na Malkia. Alimwona mzee mwenye uso wa hukumu. Lakini mwenye kuchunguza watu miaka arobaini haishii usoni. Aliona kwamba mzee hatazami saa, wala baiskeli, wala nyati. Anatazama pazia. Anatazama, anageuza macho, anajiweka sawa, anarudi kutazama pazia. Bibi Semrahi aliwahi kuona watu wakiketi hivyo kwenye benchi la kituo cha afya, wanapongojea kuitwa jina.

Kisha mzee akaona joto. Akavua kile kilemba na kukiweka juu ya mwavuli, na masikio yake yakatoka.

Yalikuwa masikio ya kutosha. Bibi Semrahi aliwahi kuyaona. Ilikuwa mwaka mmoja kabla ya barabara kuu kutiwa lami, wifi yake alipoolewa, na yeye akiwa na miaka kumi na tisa, mwanawe Ramsakal bado ananyonya. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuongoza nyimbo. Safu ya mwisho alikaa mwanafunzi mwembamba, rafiki wa bwana harusi, hana ukoo pale wala cheo, hakuna aliyemsemesha, na masikio yake yalikuwa yameukinga mwanga wa jua. Aliyatazama masikio yale, na tusi lake la kwanza maishani likamjia lote kwa pamoja. Ua mzima ulivunjika mbavu. Mwanafunzi mwenyewe alicheka mpaka mtindi ukampalia.

Sasa akarudi nyuma kutoka kwenye upenyo. Huenda ndiye, huenda siye. Masikio makubwa hayana uhaba duniani. Na kama ndiye, huenda alicheka siku ile akaenda kulia nyumbani. Huenda amekaa na hasira miaka arobaini na moja, akawa mwalimu mkuu kwa ajili ya hasira hiyo, na leo amekuja kuidai. Upande mmoja wa pazia palikuwa na wali unaopoa. Upande wa pili, chumbani, Sulekha amefunikwa ushungi mwekundu, haoni kitu, anasikia kimya tu. Batasiya alikuwa amepakata ngoma yake. Bibi Semrahi akamtazama Batasiya, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo akamuuliza lile jambo, kwa macho.

Batasiya akavikaza vidole kwenye ngozi ya ngoma.

"Safari ile ulibahatisha," alisema. "Hii umeona?"

"Nimeona."

"Basi mimi nakungoja."

Wakati huo huo Ramsakal akaingia nyuma ya pazia, kanzu imemganda mgongoni, akasema mama, mambo yameharibika, sema neno lolote. Bibi Semrahi, Mungu amsamehe, pamoja na hofu yake yote, hakuweza kuiacha nafasi ile ipite. Akaonyesha shavu lake lenye tambuu, na kwa vidole akaeleza kwamba amekatazwa.

"Mama, nakuomba."

Akajishika sikio, kuonyesha kwamba hajasikia vizuri.

"Nakuomba, mama. Imba. Imba unachotaka."

Mzee Budhan, aliyeketi na wageni na ambaye hakuna aliyetarajia neno kutoka kwake, alisema kutoka uani kwa sauti kubwa ya mtu asiyetumia masikio, "Mwacheni aimbe, watu wana njaa."

Bibi Semrahi akatema tambuu kwenye kopo. Ngoma ikaingia. Hakuimba tusi jipya. Alianza na lile la zamani.

*Mwenye masikio mapana, kwenu mwavuli wa nini?*
*Mvua kubwa ikinyesha, ukoo mzima uko chini.*

Ramsakal alifumba macho. Mwalimu mkuu aliinamisha kichwa, mabega yakaanza kutikisika, na wageni wa ng'ambo, ambao hawakuwahi kumwona mtu huyu akifanya jambo lolote kwa mabega, walidhani anaumwa. Alipoinua uso ulikuwa umelowa machozi.

"Kijiji," alisema.

Ngoma ikasimama.

"Ilikuwa kijiji kizima, mama mkwe. Si ukoo. Kijiji kizima kiko chini. Nimekuwa nikijiimbia kila mvua ikinyesha. Usinipunguzie."

Kisha akatia mkono kwenye wali, akafanya tonge kubwa, akala.

Mikono arobaini ikashuka kwa pamoja. Na Bibi Semrahi, aliyekuwa ameketi siku mbili na maneno yamemjaa mpaka kooni, akafungua mlango wote. Hakuwa amechunguza, basi aliimba alichokiona kwa macho. Alimwimbia shemeji wa mwalimu aliyekuwa tayari kwenye samaki wa tatu. Aliwaimbia wanaume wawili waliovaa mitandio ya rangi moja, akauliza yupi mke. Akaiimbia ile robo saa, na hapo hata askari wa mpakani aliyekuja kula kwa uchunguzi wa usalama alipigapiga goti.

*Robo saa mko nyuma, tangu siku ya kuzaliwa;*
*sisi tumekula, tumenawa, nyinyi ndio mnapakuliwa.*

Mwalimu mkuu alikula wali mara mbili na mtindi mara tatu. Kila ubeti ukiisha aliinamisha kichwa kuelekea pazia, kwa adabu, kama mtu anayepokea cheti. Zikapita beti mbili bila kumtaja, akakohoa. Bibi Semrahi akaelewa, akamrudia, safari hii pua. Mwishoni, nyimbo zikielekea kufungwa na Ramsakal akiwa amesimama na ndoo ya dengu, mwepesi kwa furaha, anadhani yamemalizika salama, mama yake alimgeukia yeye.

*Mwanangu katoka Katari, saruji kaja kumwagia;*
*nyumba kaacha na nyufa, mdomo wa mama kazibia.*

Waliocheka zaidi walikuwa majirani, kwa sababu nyufa walizijua. Ramsakal alisimama na upawa wake, akawa mwekundu, kisha yeye pia akaanza kucheka, akamwagia dengu mtu ambaye hakuomba.

Walipokwisha kunawa, mwalimu mkuu alisogea karibu na pazia na kuongea na upande ule bila kutazama ndani, kama inavyopasa. Aliyoyasema yalikuwa mafupi. Alisema ameozesha wana wawili kabla ya huyu, na kote kule walikokwenda watu walisikia ni mwalimu mkuu, wakanyamaza, akala wali kimya akarudi nyumbani bila kuwa mkwe wa mtu. Alisema zile zawadi zirudi ndani, ila saa ataichukua, aitengeneze isome saa za huku. Na Ramsakal aliyekuwa amesimama pale, ambaye miezi yote ile aliamini kwamba posa ilikubaliwa kwa ajili ya saruji, alimsikia akisema kwamba mshenga alipomtajia kijiji cha Tengraha alimuuliza swali moja tu, kama yule mwanamke wa Semrahi bado anaimba.

"Akanijibu anaimba," alisema. "Jana nikakaa usiku kucha nasikia nyimbo za dini. Nikasema basi, hata huyu wamemtisha kwa ajili yangu."

Bibi Semrahi alivuta ushungi mbele ya uso wake ingawa pazia lilikuwepo, akasema tu kwamba mkwe asamehe, kijiji kizima, hatasahau tena.

Magari yalipowashwa, Sulekha alilia kama bibi harusi anavyotakiwa kulia, akimshika huyu na kumwachia yule, na alipofika kwa bibi yake alilia bila kutakiwa. Bibi Semrahi naye alilia. Alimshika mjukuu kichwa kwa mikono miwili, na alichomnong'oneza hakuna aliyekisikia, ila Sulekha alipita kutoka kilio hadi kicheko akarudi kwenye kilio bila kupumzika katikati.

Mwalimu mkuu alikuwa amesimama kando ya gari, mwavuli umefunguliwa kumkinga mkwewe jua. Alikohoa. Alisema, akitazama mashamba ya haradali, si bibi harusi, kwa kuwa mkwe hatazamwi, kwamba nyumbani kwake wapo wanawake saba na hakuna hata mmoja anayeujua wimbo wake, wote wanamwogopa. Akauliza kama mwanawe huyu alifundishwa chochote na bibi yake.

Ushungi mwekundu uligeukia kwa bibi, ukarudi kwa mkwe.

"Kidogo, baba," alisema Sulekha.

"Kidogo inatosha kuanzia," alisema mwalimu mkuu, akamfungulia mlango.

Gari lilipita kwenye nguzo ya mpaka, likavuka ule ukanda wa mbuzi, na Bibi Semrahi akaenda kumkamua Malkia.